Mapindo Milioni Tisa: Uimara wa Spea za Mashine za Boti Unavyopimwa

Ndani ya mguu wa mashine ya boti, juu ya gia boksi, kuna kipande cha mpira kinachoenea kiganjani. Mafundi wanakiita impela. Kwa kawaida kina mabawa sita, kimevishwa kwenye shafti inayoshuka kutoka kwenye injini, na kazi yake ni kuvuta maji ya ziwa na kuyapandisha juu yakapoze silinda. Nyumba inamokaa impela ni pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Kwa hiyo kila shafti inapozunguka mara moja, kila bawa linapindwa na kunyooka mara moja. Mashine ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, bawa linapindwa mara 240,000 kwa saa. Boti inayotoka Minago, Burundi, jioni, ikatumia saa moja kufika mahali pa kuvua na saa nyingine kurudi alfajiri, imelipinda bawa hilo mara 480,000 kwa usiku mmoja. Mwezi wenye usiku 20 wa kazi, tukitoa zile siku za mbalamwezi ambapo taa hazivuti dagaa wanaoitwa ndagala, unafikisha hesabu 9,600,000.

Hakuna jicho la mfanyabiashara wala la fundi linaloweza kutazama mpira mpya ndani ya kasha na kusema kama utavumilia mapindo milioni tisa. Rangi nyeusi inayong'aa, nembo iliyopigwa vizuri, hata harufu, vyote havina jibu. Ipo njia ya kulipata jibu, ina umri wa zaidi ya miaka 150, na sehemu kubwa ya njia hiyo inaweza kufanyika mwaloni bila maabara.

Minago iko kwenye mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, kando ya barabara RN3 inayotoka Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac. Uvuvi wa usiku wa katamarani, mitumbwi iliyounganishwa kwa miti huku wavu wa kuinua ukiwa katikati na taa zikiangaza maji, uliingia katika ziwa hili miaka ya 1950. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaongezeka katamarani kubwa zaidi, zile wavuvi wa Burundi wanazoziita Apollo. Kadiri vyombo vilivyokua na kadiri ndagala na samaki aina ya mukeke walivyofuatwa mbali na ufuko, ndivyo mashine ilivyoacha kuwa anasa. Ziwa lenyewe halina huruma na mashine iliyozimika: kina chake kinafika mita 1,470, nanga haigusi chini, na kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini unapita kwa nguvu kwenye urefu wake wa kilomita zaidi ya 670. Mtu aliyezimikiwa na mashine saa nane za usiku hana cha kufanya ila kupiga kasia na kuwasha tochi.

Spea zinazofika huku nyingi hupitia bandari ya Dar es Salaam, zikasafiri nchi kavu hadi Bujumbura au Kigoma. Fedha za kigeni zikiadimika Burundi, kama zilivyoadimika miaka hii, mwenye duka huagiza kinachopatikana, na mvuvi hununua kilichopo. Hapo ndipo swali la uimara linakuwa zito.

Mnunuzi huulizwa: unataka orijino au ya kawaida? Swali hilo linaficha bidhaa za aina tatu. Kuna spea iliyotengenezwa au kuidhinishwa na kiwanda cha mashine yenyewe. Kuna spea mbadala, iliyotengenezwa na kiwanda kingine kwa jina lake chenyewe, na hiyo ni biashara halali duniani kote. Halafu kuna feki, inayovaa jina la mwingine. Feki imeanza kudanganya kabla haijafungwa kwenye mashine, na nchi zetu zina sheria juu yake: Kenya ina mamlaka maalumu ya kupambana na bidhaa bandia chini ya sheria ya 2008, Tanzania imeikabidhi kazi hiyo Tume ya Ushindani, na Burundi ina sheria ya mali ya viwandani ya 2009. Lakini sheria hizo zinauliza jina ni la nani. Haziulizi impela itadumu saa ngapi. Spea mbadala yenye jina lake halali inaweza kuwa bora sana na inaweza kuwa takataka, na hakuna askari wa forodha atakayekutofautishia.

Wazo lenyewe la spea, yaani kipande kinachoweza kuchukua nafasi ya kingine bila kuchongwa upya, lilikomaa kwenye silaha. Mwaka 1785 fundi wa bunduki wa Ufaransa, Honoré Blanc, alimwonyesha Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi wa Marekani mjini Paris, vipande vya mitambo ya kufyatulia vilivyopangwa kwa mafungu. Jefferson alichukua vipande bila kuchagua, akaunganisha mitambo kadhaa kwa mkono wake, na kila kimoja kikakaa mahali pake. Lilikuwa jambo la ajabu kwa zama zile. Hata hivyo onyesho la Blanc lilithibitisha kwamba vipande vinaoana. Halikuthibitisha kwamba vinadumu. Na jaribio tunalofanya mpaka leo ufukweni ni lile lile la Blanc: fundi anafunga impela, anawasha mashine ndani ya pipa, anaona maji yanachuruzika kwa nyuma, anasema iko sawa, analipwa. Alichopima ni kuoana.

Somo la kudumu lilikuja kwa msiba. Tarehe 8 Mei 1842 treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilivunjika ekseli ya injini. Mabehewa yalipandana, moto ukashika, zaidi ya watu 50 wakafa. Ekseli ile ilikuwa imebeba mzigo ule ule safari baada ya safari bila tatizo. Kwa nini chuma kilichoweza jana kishindwe leo? Mhandisi wa reli wa Prussia, August Wöhler, alitumia sehemu kubwa ya miaka ya 1850 na 1860 kulijibu swali hilo. Alijenga mashine za kuzungusha ekseli chini ya mzigo uliopimwa, akahesabu mizunguko hadi zinapokatika, akapunguza mzigo, akahesabu tena. Alionyesha kwamba mzigo mdogo sana kuliko ule wa kuvunja chuma kwa mara moja unaweza kukivunja ukirudiwa vya kutosha. Waya wa kufungia ukiupinda mara moja haukatiki. Uupinde na kuunyoosha mara nyingi mahali pale pale, utakatikia mkononi. Wahandisi wanaita hali hiyo uchovu wa metali.

Utafiti ulioanzishwa na Wöhler una jambo jingine ambalo mwenye boti anapaswa kulijua. Chuma cha pua cha kawaida kina kiwango cha mzigo ambacho chini yake mzigo unaweza kurudiwa karibu bila mwisho. Alumini haina kiwango hicho. Braketi ya alumini inayoshika mashine kwenye tezi la boti inachoka kidogo kidogo kwa kila mtikisiko, hata mitikisiko midogo, na siku yake itafika. Kwa sababu hiyo spea ya alumini haipaswi kuhukumiwa kwa kutazama kama imevunjika au haijavunjika. Inapaswa kukaguliwa nyufa kwa ratiba. Karakana za reli za zamani zilikuwa na njia ambayo bado inafaa kwetu. Safisha kipande, kitumbukize katika mafuta ya taa kwa saa kadhaa, kifute kikauke kabisa, kisha kipake unga wa chaki uliochanganywa na spiriti na uache spiriti ipae. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yatatoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chaki nyeupe. Ifanye kazi hiyo nje, mbali na moto na mbali na sigara.

Sasa turudi kwenye impela, kwa kuwa ndiyo spea inayobadilishwa mara nyingi na ndiyo inayodanganya kwa urahisi.

Mpira una maadui wanne: mapindo, joto, mafuta na mchanga. Jaribio zuri linawaleta mmoja mmoja kabla ya kuwaunganisha. Viwanda makini vina utaratibu wa kimataifa wa kuweka mpira ndani ya tanuri kwa muda maalumu, mara nyingi saa 70 kwenye nyuzijoto 100, kisha kupima umekakamaa kiasi gani na umepoteza mvuto kiasi gani. Msingi wake ni kanuni ya kukadiria inayojulikana na wanakemia: joto likipanda nyuzi 10, uzee wa mpira unakwenda kasi mara mbili hivi. Kwa njia hiyo miezi inabanwa ndani ya siku chache. Kuna jaribio jingine la kuloweka mpira ndani ya mafuta na kupima umevimba kiasi gani. Hilo linafanyika popote penye mizani ndogo. Pima uzito wa kipande, kiloweke siku tatu katika esansi, yaani petroli, ile ile unayonunua, kifute, kipime tena. Mpira mbaya hunywa mafuta na kuvimba. Ukikauka unabaki umekakamaa na wenye vipele vya nyufa. Kwa Burundi, ambako uhaba wa mafuta umewafanya watu kununua kwenye vidumu kutoka mikononi mwa watu wasiowajua, jaribio hili linafaa pia kwa mipira ya kabureta na mipira ya kupitishia esansi.

Hapo kuna mtego ambao hata wahandisi wenye vyeti huingia. Kuharakisha jaribio kunaruhusiwa mradi kipande kife kifo kile kile ambacho kingekufa ziwani. Impela ikiendeshwa bila maji itaungua ndani ya dakika chache au chini ya hapo. Mtu anaweza kuzichoma impela mbili kavu, akaona moja imechelewa kuungua, akasema hiyo ndiyo imara. Alichopima ni uvumilivu wa kuungua. Hajui lolote kuhusu mapindo milioni tisa ndani ya maji. Impela iliyochoka kwa mapindo huonyesha ufa kwenye shina la bawa. Iliyokosa maji huonyesha ncha zilizoyeyuka na kung'aa. Iliyoliwa na mchanga huwa na ncha butu, fupi, na nyumba yake ina mikwaruzo ya mviringo. Fundi anayejua kusoma alama hizo ana maarifa yenye thamani kubwa kuliko kasha lolote, na ningependa kila fundi wa Minago azihifadhi impela zilizokufa badala ya kuzitupa majini.

Mabawa yaliyokatika yahesabiwe na vipande vyake vitafutwe mpaka vipatikane. Kipande kilichopotea hupanda na maji na kuziba njia ya kupozea, na impela mpya nzuri italaumiwa kwa joto lisilo lake.

Adui wa nne, mchanga, ana majira yake. Mvua zikinyesha, mito inayoshuka kutoka milima ya Bururi hujaza maji ya ufukweni udongo na changarawe laini. Na tangu ziwa lianze kupanda, kwa namna iliyoumiza zaidi mwaka 2021 na 2024, boti zinapita juu ya mahali palipokuwa nyumba, mashamba na njia. Propela inaweza kukutana na ukuta au kisiki ambacho miaka kumi iliyopita kilikuwa nchi kavu. Jaribio lililofanywa katika tangi la maji safi kiwandani haliwezi kukuambia chochote kuhusu maji ya aina hiyo. Ukitaka kulinganisha impela mbili kwa ajili ya Minago, ziweke kwenye mashine zinazotoka katika ufuko mmoja, majira yale yale.

Maji ya Tanganyika yana tabia nyingine ambayo vitabu vya mashine vilivyoandikwa kwa ajili ya bahari havitaji. Hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo jaribio maarufu la kupulizia spea ukungu wa chumvi, ambalo watengenezaji hujivunia kwenye makasha, halitusaidii sana. Lakini si maji ya kawaida. Yana asili ya magadi kidogo. pH yake iko karibu na 9. Hali hiyo inalinda chuma na inaumiza alumini, kwa sababu ngozi nyembamba inayoikinga alumini huwa tulivu kati ya pH 4 na 8.5 hivi. Mfano mkubwa wa upande wa chuma uko ziwani mpaka leo: meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Miaka mingi chini ya maji, na injini za mvuke zikafufuka. Grisi ilistahili sifa, na maji ya ziwa pia yalisaidia. Mguu wa alumini wa mashine ya leo haupati upendeleo huo. Rangi ikichubuka, sehemu ile ipakwe upya mapema.

Kwenye mguu huo huo kuna kipande kidogo cha kujitoa mhanga, ambacho kazi yake ni kuliwa ili alumini isiliwe. Kinachouzwa sana ni cha zinki, na zinki imekusudiwa bahari. Katika maji baridi hujifunika gamba na kuacha kufanya kazi. Kinachoshauriwa huko ni magnesi. Kwa hiyo mvuvi wa Rumonge anayeona zinki yake haiishi mwaka wa tatu sasa asiisifu. Kipande hicho kinatakiwa kiishe. Kisichoisha kimegoma kazi, na kinacholiwa ni mguu.

Hili linanifikisha kwenye jambo ambalo wanunuzi wengi hulikataa wanapolisikia mara ya kwanza: kuna spea ambazo kwazo uimara uliopita kiasi ni kasoro. Kwenye mashine ndogo na za zamani, propela inashikwa na pini laini. Propela ikigonga jiwe, pini inakatika na gia zinasalimika. Kwenye mashine kubwa kazi hiyo inafanywa na mpira uliobanwa ndani ya kitovu cha propela, ambao huteleza ukizidiwa. Mwenye boti aliyechoka kubadilisha pini humwambia fundi amwekee kipande cha msumari mgumu au cha nondo, na kweli pini ile haitakatika tena. Siku ya jiwe, litakalokatika ni jino la gia au shafti, usiku, mbali na nchi kavu, kwa gharama ya mara nyingi zaidi.

Pini kama hiyo hupimwa kwa kulinganisha. Shafti ya zamani inabanwa kwenye jiliwa, kitovu cha propela kinafungwa bomba la urefu unaojulikana, na mwisho wa bomba unaning'inizwa mfuko unaoongezwa mchanga kidogo kidogo. Kilo 10 kwenye bomba la mita 1 zinatoa nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 98 hivi. Kata pini tatu za orijino, andika mizigo. Kata tatu za mbadala, andika mizigo. Mbadala ikikatika mapema sana itakusumbua. Ikikataa kukatika, irudishe dukani. Watu wasimame pembeni, kwa sababu mfuko utaanguka ghafla.

Ugumu wa chuma una hadithi inayofanana. Vipande vinavyoshikana na kuachiana, kama meno ya gia au ndoana ya kamba ya kuwashia, huchomwa na kupozwa kwa namna inayofanya ngozi iwe ngumu na moyo ubaki mnyumbufu. Ngozi isiyo na ugumu huliwa haraka. Moyo ukiwa mgumu mno unakatika kwa pigo. Wanaopima triga za bastola zinazouzwa kama spea mbadala wanalijua tatizo hili vizuri mno, kwa sababu huko eneo la kushikana ni dogo sana, na mtu akililainisha kwa tupa ili mvuto uwe mwepesi anaweza kuiondoa ngozi yote. Triga inafanya kazi vizuri siku ya kwanza, mwezi wa kwanza, kisha pembe inalika na silaha inakuwa hatari kwa aliyeishika. Ndiyo maana huko hawaridhiki na mivuto michache: wanairudia kwa maelfu na kupima uzito wa mvuto kila baada ya idadi fulani, wakitafuta mabadiliko kabla ya kuvunjika. Mabadiliko hutangulia kuvunjika karibu siku zote. Kwa ndoana ya mashine ya boti, tupa mpya ni kipimo cha kwanza: ikiteleza bila kuuma, ngozi ni ngumu, ikiuma kama inavyouma msumari, ndoana hiyo itaisha upesi.

Tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi hupotea. Mtu ananunua impela mbadala moja, inadumu mwaka, anawaambia wenzake wote wanunue. Mwingine ananunua moja, inakatika wiki ya pili, anaitukana. Wote wawili wana ushahidi wa kipande kimoja. Kanuni ya takwimu ni ngumu lakini ya haki: ukijaribu vipande 29 kwa muda uliochagua na visivunjike hata kimoja, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba angalau 90 kati ya 100 vitavuka muda huo. Ukitaka kusema 99 kati ya 100, unahitaji vipande 299 bila hata kimoja kuharibika. Hakuna mvuvi mmoja mwenye uwezo huo. Ufuko mzima wenye boti nyingi unao.

Wastani nao una hila zake. Tuseme impela za chapa ya kwanza zinadumu saa 300 kwa wastani, lakini katika kumi moja imekatika saa ya 20. Za chapa ya pili zina wastani wa saa 220, na hakuna iliyokatika kabla ya saa 180. Mwenye duka atasifu ya kwanza. Mimi nitafunga ya pili bila kusita, na nitaibadilisha saa ya 150. Baharia haogopi wastani, anaogopa ile moja ya mapema. Mhandisi wa Sweden, Waloddi Weibull, alitoa mwaka 1951 namna ya kuchora vifo vya spea ili mchoro uonyeshe vinatokana na nini. Vikirundikana mwanzoni, kiwanda kina kasoro na kungoja hakusaidii, rudisha shehena. Vikitawanyika ovyo, tafuta ajali, mchanga, mawe, uendeshaji. Vikirundikana mwishoni, spea ni nzuri na inachakaa kwa heshima. Weka ratiba ya kubadilisha. Mafungu hayo matatu yanaonekana hata kwa vitone kwenye karatasi ya mraba, bila kompyuta.

Kinachohitajika ni daftari. Kila impela inayofungwa iandikiwe tarehe, boti, duka ilikonunuliwa, alama zilizo kwenye mpira wenyewe maana kasha hubadilishwa, na siku ilipotolewa pamoja na sababu. Saa za kazi zinaweza kupimwa kwa kifaa kidogo kinachofungwa kwenye waya wa plagi. Kisipokuwepo, lita za esansi zilizotumika ni kipimo kinachotosha kulinganisha boti za mashine sawa. Impela iliyotolewa ikiwa bado nzima iandikwe pia, kwa saa ilizofikisha. Hii ni taarifa muhimu kama ya ile iliyovunjika, na wengi huiacha. Anayeandika vilivyovunjika peke yake atadhani kila spea ni mbovu.

Daftari liandike pia muda wa kulala. Tanzania ililifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne za ziwa, na mapumziko ya namna hiyo ni mazuri kwa samaki. Kwa impela ni jaribio lisilotazamwa. Mashine ikikaa miezi mitatu bila kuzungushwa, mabawa yaleyale yanabaki yamebanwa upande mwembamba wa nyumba yake, na mpira dhaifu husahau kunyooka. Siku ya kwanza ya kuvua maji yanatoka kidogo, joto linapanda, na lawama inakwenda kwa kiwanda. Kabla ya kufunga msimu, impela itolewe ikahifadhiwe kivulini, au mashine izungushwe kwa mkono kila wiki. Ukiirudisha, tazama kila bawa kama linarudi wima lenyewe. Lililobaki limejikunja halirudi mashineni.

Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na ina shirika lake la viwango, BBN. Kipimo cha ugumu wa mpira ni kifaa kidogo cha mkononi, na meza ya kuendeshea impela ndani ya tangi lenye mchanga uliopimwa ni kazi ambayo mafundi wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, wanaweza kuichomelea. Ningeomba viwango vya spea za boti vishughulikiwe kwa uzito uleule wa saruji na unga, kwa sababu nazo zinabeba roho za watu. Lakini vyama vya wavuvi visingoje. Chagueni spea moja, impela. Nunueni kwa pamoja kutoka shehena moja. Teueni fundi mmoja anayeaminika ashike kalamu, na kila Ijumaa au siku yoyote ya mapumziko asomee wenzake yaliyoandikwa. Baada ya msimu mmoja mkiwa na boti 30, Minago itakuwa na ushahidi kuhusu spea zake ambao muuzaji hana budi kuusikiliza anapopanga bei.

Mpaka daftari hilo lijae, impela ya akiba, pini mbili za akiba na kasia ziwemo ndani ya kila boti inayotoka.